Waandishi wa michezo Mtwara, mmekuwa kangomba wa habari!

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa usajili, hauhusiani kabisa. Naandika nina hasira, na simu yenyewe kioo kimepasuka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Mimi ni mama lishe hapa Mtwara mjini. Nina kibanda, mabenchi manne, majiko mawili ya mkaa na kaunta buku la madeni. Mpira sijaanza kuupenda jana. Nilikuwa Nangwanda Sijaona wakati Ndanda iko Ligi Kuu, misimu sita, kuanzia 2014 mpaka inashuka 2020, nikiimba "Ndanda kuchele" mpaka koo linakauka. Namungo ya Ruangwa ilipoingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2021 nilipika pilau ya bure, na walipotoka kwenye kundi bila pointi hata moja bado niliwatetea kwa wateja wa Kariakoo waliokuja kununua korosho. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia mama rudi jikoni. Jikoni ndiko nilikoyaonea haya.

Timu ninayoisema siitaji. Siyo Ndanda na siyo Namungo, ni timu ya daraja la chini, na anayeijua ameshaijua. Redio siitaji, mwandishi simtaji. Nikitaja tu mtahamia kwenye jina mniachie hoja yangu njiani.

Jumatatu moja asubuhi, wachezaji watano wako benchi la ndani wanakunywa uji, kila mmoja na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha. Redio iko juu ya kabati la vyombo. Kikaingia kipindi cha michezo, na mwandishi wetu na ile sauti yake ya kujikoholesha: "Hali ya kambi ni shwari, wachezaji wameshalipwa stahiki zao zote na morali iko juu."

Nina upawa mkononi, nikageuka kuwatazama. Hakuna aliyeinua kichwa. Kisha beki wa kushoto akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Mama, niandikie na muhogo wa tatu basi, si nimeshalipwa." Wenzake wakacheka mpaka mmoja uji ukamtokea puani.

Mimi sikucheka. Nilifungua daftari. Wachezaji kumi na mmoja, timu kamili na kipa wake, wananidai mimi sala na mimi nawadai Sh 742,500. Deni la kwanza lina miezi mitatu. Mchezaji aliyelipwa stahiki zake zote hamwandikishi mama ntilie nusu sahani ya wali na mchuzi mtupu. Nusu sahani, wakuu! Mtu anayekimbia dakika tisini.

Wale msiotoka Kusini niwaeleze kangomba ni nani. Msimu wa korosho unapokaribia, mkulima hana hata hela ya dawa ya mtoto. Anakuja mtu na bakuli lake, anampimia korosho zake humo humo kichochoroni, bei ya kutupa, halafu yeye anakwenda kuziuza ghalani kwa jina lake kana kwamba amelima. Huyo ndiye kangomba. Mwaka 2018 serikali iliposema itanunua kwa Sh 3,300 kwa kilo, wao ndio walianza kutafutwa kila kona. Sisi huku mtu akikutajia bei ya korosho kijiweni unamsikiliza kwa sikio moja, unasubiri mnada usomwe. Kwenye korosho tumeerevuka. Kwenye habari za mpira bado tunapimiwa kwa bakuli, tena tunashukuru.

Na shida inakuwa kubwa zaidi kwa timu ndogo. Ligi Kuu ina mkataba wa televisheni wa miaka kumi, ulisainiwa 2021, Sh bilioni 225.6. Mechi inaonekana mpaka Liwale. Mchambuzi akidanganya kuwa ile haikuwa penati, utarudia kuitazama mwenyewe na utamtukana ukiwa na ushahidi. Huku chini kamera hakuna. Timu ikienda kucheza ugenini, macho yetu wote ni yule mwandishi mmoja aliyepanda nao basi. Akisema kipa alidaka, alidaka. Akisema kipa aliuza, basi aliuza.

Hapo ndipo nilipo.

Timu ilikwenda ugenini ikapigwa nne bila. Kabla ya safari niliwafungashia mihogo na vichwa vya samaki wa kukaanga, kwa sababu uongozi ulisema hela ya chakula watapewa wakifika. Wamesafiri usiku kucha, wameshuka kwenye basi saa nne asubuhi, saa kumi jioni wako uwanjani. Ile hela ya chakula waliishia kuisikia. Kipa aliniambia alidaka mpira wa kona akaona milingoti minne.

Kesho yake mwandishi wetu anasema nini? "Chanzo cha kuaminika ndani ya klabu kinadai kipa alipokea fedha ili kuachia mabao." Hakusema kama watu wamelala njaa. Hakusema wamecheza saa sita baada ya kushuka kwenye basi, na yeye alikuwa kwenye basi hilo hilo! Aliona kila kitu, akachagua kuleta neno la mtu asiyetajwa.

Kijana amerudi mtaani, bodaboda wa kijiwe wakakataa kumbeba. "Kapandie zile hela za mkeka wa kubeti." Kupanda basi hawezi, kwenda sokoni hawezi. Mama yake yuko Newala, alisikia kwa jirani kabla mwanawe hajampigia simu. Siku ya tatu akaja kwangu usiku nikiwa naosha masufuria, akakaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Mama, na wewe unaamini?" Mtoto wa miaka ishirini na moja. Nilimpa ugali na mbaazi, akala mbaazi, ugali akaubinyabinya tu.

Sasa niwaambie chanzo cha kuaminika ni nani, maana nimekihudumia mwenyewe.

Jumamosi ya nyuma yake, jioni, meza ya pembeni kabisa, alikaa kiongozi mmoja wa timu na mwandishi wetu. Kuku nusu, chipsi, soda mbili. Kiongozi analipa keshi, mnaona maajabu hayo, mtu ambaye wachezaji wake wanakula kwa daftari. Nilipokwenda kuondoa vyombo niliona bahasha ndogo ya kaki imelala nusu chini ya sahani ya mwandishi. Sikuona ndani. Siwezi kuapa ni hela, huenda ilikuwa barua ya posa. Lakini nilisikia jina la kipa likitajwa mara mbili, na najua kwa nini: kipa ndiye aliyewaongoza wenzake kwenda kuuliza mishahara.

Alhamisi mwandishi akaja peke yake, supu ya pweza na chapati mbili. Nikamkalia mbele.

"Mwanangu, ile habari ya kipa ulimuuliza mwenyewe?"

"Mama, simu yake haikupatikana."

"Kipa ulisafiri naye. Alikuwa kiti cha nyuma yako."

Akanyamaza. Akakoroga supu. Akasema, "Mama, mambo ya vyanzo ni siri ya taaluma."

Siri ya taaluma! Hata mimi nina siri ya taaluma, lakini mteja akiumwa tumbo siwezi kumwambia samaki huyu nimepewa na chanzo cha kuaminika. Ninavyojua mimi, kumlinda mtu aliyekupa habari ni jambo zuri pale mnyonge anapomsema mkubwa, asije akafukuzwa. Hapa mkubwa ndiye amejificha nyuma ya chanzo, anampiga mawe kijana asiye na mshahara. Hiyo siri inamlinda nani?

Nikaendelea kumbana, naye akalainika, na nitasema ukweli wake pia kwa sababu si mtoto mbaya. Aliniambia analipwa kwa habari moja moja. Isiporuka, halipwi. Kituo hakimpi nauli, hakimpi malazi. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, atazilipia na nini? Kwa hiyo basi ni la timu, chakula ni cha timu, kitanda ni cha timu. Akiwasema vibaya Jumatatu, Ijumaa hana kiti. "Mama, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nimeliwaza swali hilo siku nne nikiwa napepeta mchele. Jibu langu ni kwamba ningekaa nyumbani, au ningesema hewani, "Nimesafirishwa na timu." Maneno matatu tu. Msikilizaji akijua kiti ni cha nani, atajipimia mwenyewe chumvi ya kuongeza.

Na hawa wa Dar nao wasijifanye hawahusiki. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara ya Dar kule Somanga, mabasi yamelala njiani, kuna bwana aliandika kwamba timu yetu imewasili Dar salama na imefanya mazoezi mepesi. Mazoezi mepesi waliyafanya kwangu, ya kunyanyua vijiko! Alinakili ratiba aliyotumiwa na msemaji, akaongeza "mazoezi mepesi" kwa kiungo. Mimi ni mpishi, kitu kilichoongezwa kiungo ili kuficha harufu nakijua.

Ili nisionekane nawachukia wote: yupo binti mmoja wa redio ya jamii. Huyu alikuja na daftari lake dogo, akanisalimia, akasubiri nimalize wateja. Akaomba kuona madeni, akahesabu mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, akanikuta nimekosea jumla kwa elfu tatu. Akawauliza wachezaji mmoja mmoja. Akawapigia viongozi mbele yangu, hawakupokea, akasema hewani kuwa hawakupokea. Usiku akanipigia tena kuuliza kama ni miezi mitatu kamili au miwili na nusu. Huyo namwamini hata akisema mimi napika vibaya. Lakini kipindi chake kilirushwa mara moja tu, Jumapili alfajiri saa kumi na moja, mji mzima umelala. Kile cha "kipa ameuza" kilirudiwa siku nzima, na kabla ya kila marudio tangazo la kubeti.

Kwa hiyo wakuu, mnaouliza kila siku humu "je, tuwaamini waandishi wa timu?", mimi swali langu ni moja: alikula kwa nani? Na kama anasema "wachezaji wanadai" au "wanachama wanadai", muulize mchezaji gani, mwanachama gani, na kwa nini aliyetuhumiwa hakusikika hata sekunde kumi.

Nawasilisha. Matusi ruksa, ila ya mama yangu hapana.

NYONGEZA 1, saa 2 usiku: Mnaosema "mama weka picha ya daftari", siweki. Mle kuna majina ya watoto wa watu na madeni yao ya maharage, hayatakuwa kichekesho cha humu. Binti wa redio ameliona, inatosha.

NYONGEZA 2: Aliyesema nipeleke malalamiko Baraza la Habari, asante kaka. Nalijua, lipo tangu 1995. Nimemwambia kipa, kwa sababu aliyechafuliwa ni yeye. Kwanza tunaiandikia redio barua ya kutaka isahihishe, mjukuu wangu anaichapa steshenari kesho, kisha tutaona. Yule aliyesema nimetumwa na timu pinzani, timu pinzani inipe basi hata gunia moja la mkaa.

NYONGEZA 3, saa 4 na nusu: Ameuona uzi. Amenitumia ujumbe, "Mama umeniharibia." Sijamjibu bado. Dakika tano baadaye simu ikalia tena, ni muamala, Sh 10,000 kutoka kwake. Maana na yeye yumo kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, supu za pweza za tangu mwezi uliopita, 23,000. Nimemkatia. Imebaki elfu kumi na tatu.