Naombeni ushauri: ninunue RAM sasa hivi au nisubiri hizi memori mpya zinazokuja?

mzee_wa_sendofu: Wakuu habari za jioni. Mimi nahariri video za harusi hapa Mbeya, laptopu yangu Dell ya mtumba ina RAM (memori ya muda ambayo mashine inafanyia kazi) GB 8 ya kizazi cha DDR4, nikifungua Premiere, programu ya kuhariri video, na Chrome ikiwa nyuma inaganda, feni inalia kama mashine ya kusaga halafu bibi harusi anapiga simu video yangu iko wapi. Mwaka jana niliulizia GB 8 nyingine nikasema ngoja bei ishuke, juzi nimerudi duka lilelile imepanda zaidi ya mara mbili, nikajua kaniona mshamba. Fundi wangu anasema hii mashine ishakuwa jalala, nisubiri kuna memori mpya haisahau hata umeme ukikatika, RAM na diski vinakuwa kitu kimoja. Nimsikilize au anataka kuniuzia mashine? Matusi hapana.

Kaka_Bodi: Mwenye duka msamehe bure, bei imepanda dunia nzima. Wanaotengeneza chipu nyingi za RAM ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wote wamekimbilia HBM, zile chipu zinazopandishwa ghorofa moja juu ya nyingine halafu zinakaa ubavuni mwa prosesa za AI za akina Nvidia, huko ndiko hela iliko. GB moja ya HBM inakula silikoni nyingi kuliko GB moja ya RAM yako. Desemba 2025 Micron wakatangaza wanaachana na Crucial, zile RAM zao tulizokuwa tunanunua madukani. Viwanda vinaongezwa ndio, lakini kiwanda cha chipu sio banda la chipsi mkuu, ni miaka.

binti_wa_sakiti: Huyo fundi hajadanganya, ila kachelewa. Intel na Micron walitangaza memori ya namna hiyo, 3D XPoint, mwaka 2015, Intel wakaiuza kwa jina la Optane, umeme ukikatika data inabaki. Kitu kilikuwa kizuri kweli, soko likakataa, 2022 Intel wakafunga. MRAM, memori nyingine isiyosahau, nayo ipo ila ujazo wake mdogo, utaikuta kwenye mashine za viwandani sio kwenye Premiere.

RAM yetu hii ni vikapasita vidogo vinavyovuja chaji, kila milisekunde 64 lazima viwe vimejazwa upya, ndo maana ukizima inasahau kila kitu. Ndoo iliyotoboka hiyo. Lakini ni ndoo rahisi kutengeneza kwa mabilioni, na tangu Intel watoe chipu yao ya RAM ya namna hii, 1103, mwaka 1970 kila anayekuja kuizika anazikwa yeye.

Mtoto wa Soko Matola: Bibi harusi atakuwa na mtoto wa pili ndo memori ya fundi ifike 😂😂

mzee_wa_sendofu: Sasa si bora nichukue DDR5, kizazi kipya, kabisa nisipitwe?

Kaka_Bodi: Haiingii! Ule mkato wa chini haulingani, ukilazimisha unaua sloti. DDR5 ni mpaka ubadili mashine, na za siku hizi nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi, ukinunua GB 8 umefunga ndoa. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Memory, angalia sloti ngapi zimetumika na spidi ni ngapi. Chukua DDR4 ya laptopu, sio ya deskitopu maana ile ni ndefu, ya mtumba sio mbaya ila ijaribu kwa MemTest, programu ya kupima RAM, kabla hujatoa hela. Spidi zikitofautiana zote zitafuata ya polepole, sio kesi.

mzee_wa_sendofu: Wakuu imeandika 1 kati ya 2, spidi 2400. Yaani sloti moja iko wazi na huyu mtu kaifungua hii laptopu mara mbili akaniangalia tu???

binti_wa_sakiti: Ukiweka ya pili zitafanya kazi sambamba, hata spidi utaiona. Ukimaliza usimtumie fundi picha, tafuta tu mwingine.

Mtoto wa Soko Matola: Mzee ninayo GB 8 ya 2666 nimetoa kwenye laptopu iliyopasuka kioo, njoo inboksi. Bei ya mwaka jana siwezi lakini.