Marumaru toka China: agenti anasema kontena limejaa, mbona naona nusu hewa?

MwanaTegeta
Wakuu habari za jumapili. Nina kahadiwea kangu huku Tegeta, miaka yote nachukua marumaru kwa jumla Kariakoo, safari hii nimeamua nijilipue niagize mwenyewe Foshan. Kiwanda kimetuma profoma (ankara ya awali), kontena la futi 20, mita za mraba 1,200 za 60 kwa 60, agenti anasema hapo ndo limejaa. Sasa kanitumia picha za mzigo wa mteja mwingine unapakiwa, marumaru zimeishia kiunoni mwa mtu, juu kote hewa tupu! Nikamuuliza akanijibu "bosi limejaa hilo". Limejaaje? Naona kama napigwa. Nawaza nichukue la futi 40 nijaze mpaka darini maana nauli yake haifiki mara mbili ya 20. Au nishee na watu? Halafu nataka na Canter used toka Japani ya kusambazia mzigo, nayo inaingia kwenye kontena au inakujaje? Wajuzi shukeni.

Bwaku
Nakaa hapa na kahawa yangu nasubiri wajuzi

Winchi_No7
Hupigwi mkuu, agenti yuko sahihi. Kontena linajaa kwa namna mbili, kwa nafasi au kwa uzito, na marumaru zinamaliza uzito kabla ya nafasi. Mita moja ya mraba ya 60 kwa 60 weka kilo 22 hivi, zidisha 1,200 unapata tani 26 na ushee. Ukipita karibu na kontena lolote angalia mlangoni, upande wa kulia utakuta imeandikwa MAX GROSS (uzito wote unaoruhusiwa), TARE (kontena tupu) na NET (mzigo peke yake). Mengi ya 20 na 40 yana MAX GROSS ile ile, kilo 30,480, humo ndani na bati lenyewe limehesabiwa. Sasa la 20 tupu lina tani 2 na kitu, la 40 tupu linakaribia tani 4. Piga hesabu mwenyewe, la 40 linabeba marumaru KIDOGO kuliko la 20! Utalipa nauli kubwa zaidi ubebe hewa nyingi zaidi.

MwanaTegeta
Duh. Yaani kubwa linabeba kidogo? Hii sikuitegemea kabisa

ShangaziWaKeko
Ndo hivyo mwanangu. Mimi nauza fenicha, mwenzio ndo nachukua la 40 hai kyubu, lile lililozidi kwenda juu kwa futi moja, karibu CBM (mita za ujazo) 76, maana sofa na magodoro ni mapana ila mepesi, nalijaza mpaka mlango unafungwa kwa kusukumwa na wala sifiki hata nusu ya uzito. Kwahiyo usiangalie jirani kachukua kontena gani, angalia bidhaa yako. Marumaru, misumari, mabetri, vyuma vya mashine, hivyo ni 20. Sponji, nguo, viti vya plastiki ni 40. Na kama unataka kutumia hiyo hewa ya juu punguza marumaru tani tatu nne upakie vitu vyepesi juu yake, mabomba ya plastiki au dari za PVC, ila waambie watenganishe na plaiwudi na kila kitu kiandikwe kwenye pakingi listi (orodha ya mzigo), maana siku ya ukaguzi ukikutwa na kitu hakijatajwa utaijua forodha vizuri.

Tozi la Mbagala
Mnamtisha tu. Chukua 40 jaza hata tani 32, Wachina wanapakia, nani anapima bwana

Winchi_No7
Wanapima. Tangu Julai 2016 kontena lenye mzigo haliruhusiwi kupanda melini bila uzito wake kuthibitishwa, ni sheria ya kimataifa ya usalama wa meli. Hata ukipenya huko, utoke bandarini kwenda kwenye mizani za barabarani na treila limezidi, faini ni yako. Na hiyo sheria haikutoka hewani. Januari 2007 meli ya MSC Napoli ilipasuka ubavu kwenye bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, wakapima makontena yaliyokuwa juu ya deki, 137 kati ya 660 uzito wake ulikuwa umepishana na ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Kule yanapangwa moja juu ya jingine mkuu, la chini likielemewa yanaanguka yote.

Mpemba_Mjini
Kushea usijaribu kwa marumaru. Kwenye kushea unalipia CBM au tani, ile iliyo kubwa, na hapo utalipia kila tani. Tena zinapakuliwa zinapangwa na mizigo ya watu, boksi likidondoka mara moja umebaki na vipande vya kupambia bustani. Kushea waachie wa vipochi na vifaa vya simu.
Canter ije na RoRo, meli ya magari, gari linaingia kwa tairi zake na kutoka hivyo hivyo, magari mengi ya Japani ndo yanavyokuja Dar. Ya bodi la boksi mlango wa kontena la kawaida ni mita 2.28 tu kwenda juu, haipiti. Usiache kitu cha thamani ndani, redio na spea tairi huwa vinapata miguu njiani.

MwanaTegeta
Asanteni sana. Na trakingi ikoje, mzigo unakuja moja kwa moja?

Winchi_No7
Inategemea laini, yaani kampuni ya meli. Yale majitu ya mita 400 kama Ever Given iliyoziba Suez Machi 2021 hayaji kwetu, yanashusha Singapore au Colombo huko halafu fida, meli ndogo, inakuletea. Ukiona kontena limesimama Colombo wiki nzima usipaniki, linasubiri usafiri. Cha kupania ni huku mwisho: uliza mapema siku za bure ni ngapi kabla demareji, tozo ya kuchelewesha kontena, haijaanza kusoma kwa dola, na karatasi zote awe nazo wakala wa forodha kabla meli haijafunga gati. Deposit ya kontena nayo ibane, ukitaka urudishiwe hakikisha kontena linarudi tupu na limefagiliwa.

MwanaTegeta
Basi naenda na 20, marumaru tani 23 na mabomba juu. Nimeshamwandikia agenti, kacheka 😂

Bwaku
Samahani kuingilia uzi, mimi nataka kontena tupu kuukuu nifungue genge la chipsi hapa mtaani, naangalia nini nisiuziwe mbovu?

ShangaziWaKeko
Nenda mchana wa jua kali, ingia ndani, mwambie mtu akufungie milango, ukae kama dakika mbili macho yazoee giza halafu tazama juu na kwenye kona. Ukiona vinukta vya mwanga mvua za masika utazioga humo. Piga teke sakafu kila sehemu, ile ni plaiwudi nene, pakilalamika pameoza. Na usiweke jiko la kukaangia ndani bila kukata madirisha, utajikaanga na wewe.

Bwaku
😂😂 Nimekuelewa shangazi. Kukata dirisha fundi anachukua shingapi?