Bastola nje ya shati, ndani ya koti, au mlinzi wa kampuni: kipi kinamfaa mnunuzi wa mazao Mbeya?

Mpunga_Ubaruku
Wakuu, naomba tulinganishe kwa kina. Mtu ana kibali halali cha bastola, ananunua mpunga Ubaruku, Chimala na Igurusi, na msimu wa mavuno anatembea na fedha taslimu. Anaweza kuivaa kiunoni ionekane, kuivaa ndani ya koti, kuiacha kwenye kasiki nyumbani na kukodi mlinzi mwenye shotigani, au kupunguza fedha mkononi asihitaji silaha kabisa. Habari ya namna ya kupata kibali tuiache. Nataka kujua kipi kinamwacha yeye na wanaomzunguka na amani, na kila njia inaharibikia wapi.

Kalenga_Juu
Tuanze na sheria, maana bila hiyo mengine ni porojo. Silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kila mtu anafungwa na masharti ya kibali chake. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kwa hiyo kibali cha kumiliki hakikupi ruhusa ya kuitembeza kama saa ya mkononi. Ukiingia sokoni Mwanjelwa bastola ikiwa nje ya shati na watu wakaanza kukimbia, hoja kwamba "nina kibali" haimalizi kesi.

Wanaoleta mifano ya nje waijue yote. Afrika Kusini, sheria yao ya mwaka 2000 inataka silaha inayobebwa hadharani ifunikwe kabisa na ibaki kwenye udhibiti wa mwenyewe. Marekani kwenyewe hawako pamoja: Texas iliruhusu wenye leseni kuvaa bastola ikionekana kuanzia Januari 1, 2016, wakati California ilikuwa imepiga marufuku kubeba waziwazi hata bastola isiyo na risasi kuanzia mwaka 2012. Video ya mtu wa Texas akinunua mkate na bastola kiunoni haikufundishi lolote kuhusu Kabwe au Mafiati hapa Mbeya mjini.

Sao_Hill
Upande wa jamii, mimi naona jambo moja ndilo linaloamua: je, anayeiona silaha anaijua sababu yake bila kuuliza? Mlinzi wa benki ana sare, ana lindo, anaonekana palepale kila siku. Watu wanampita bila hata kugeuza shingo, ingawa shotigani yake ina uzito wa zaidi ya kilo tatu na mdomo wa mtutu wa milimita 18 na ushee. Askari wa hifadhi anayewasindikiza wageni kwa miguu kule Ruaha ana bunduki ya risasi kubwa, na mgeni anajisikia salama zaidi kwa sababu ya tembo na nyati. Lakini mtu wa suruali ya kitambaa na shati, bastola kiunoni, amesimama kwenye foleni ya maharage? Hakuna anayejua ni askari kanzu, mfanyabiashara au jambazi. Kila mtu anajijazia jibu lake, na mara nyingi anajaza lile baya.

Kingine, bastola inayoonekana inatangaza fedha. Asiyejua kwamba una mzigo sasa anajua. Na mwizi akishajua silaha iko upande gani, anakuja kwa nyuma, na cha kwanza kunyang'anywa ni hiyo bastola yenyewe.

DadaWaMafinga
Nakubali, ila msifanye kuificha kuwa dawa ya kila kitu. Kilichofichwa nusunusu kinatisha kuliko kinachoonekana. Mtu anainama kuchota mpunga kwenye gunia auangalie, shati linapanda, mkulima anaona kitako cha bastola. Hapo bei haijadiliwi tena, mkulima anahisi ametishwa. Kama unaficha, fichika kweli: koti refu kuvuka kiuno kwa sentimita 15 hivi, ukihitaji kushuka chini chuchumaa, usiiname kiunoni, na usiishikeshike kila dakika kuhakikisha ipo. Mkono unaorudi kiunoni mara kwa mara unasema kila kitu.

Kwa akina mama, mkoba wa kawaida ni chaguo baya kuliko yote. Mkoba unawekwa kwenye kiti, unashikwa na mtoto, unanyakuliwa na mtu wa bodaboda. Funguo na kalamu zinaingia kwenye kifyatulio. Silaha ikae mwilini au isitoke nyumbani.

Chimala_Darajani
Kwenye vifaa ndipo watu wanapojiumiza, niruhusuni nirefushe.

Bastola kama Glock 17 yenye risasi zote 17 inakaribia gramu 900. Mkanda mwembamba wa suruali ya ofisini hauwezi kubeba huo uzito: ala (mfuko wa bastola unaovaliwa kwenye mkanda) inalala nje, kitako kinasukuma koti, na jioni nyonga inauma. Tafuta mkanda wa ngozi ya tabaka mbili, upana wa karibu milimita 38, unaojaa vizuri kwenye matundu ya ala. Ala ikicheza juu ya mkanda, bastola haitakuwa palepale ulipoizoea.

Ala yenyewe lazima ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Zile za nailoni laini zinazouzwa bei rahisi zinajikunja mdomo. Unarudisha bastola, kitambaa kinaingia kati ya kifyatulio na chuma cha duara kinachokizunguka, unasukuma, inalia. Glock haina kitufe cha usalama cha kubonyeza pembeni. Usalama wake uko kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo chochote kinachokivuta kikamilifu kinafyatua.

Na huku kwetu kuna hatari ambayo watu wa joto hawaifikirii: makoti ya baridi. Juni na Julai kila mtu Mbeya na Njombe yuko kwenye jaketi lenye kamba ya kukaza kiunoni na kile kidude cha plastiki mwishoni. Kile kidude kinaingia kwenye ala vizuri kabisa. Kata hizo kamba, au zishone ndani. Wakati wa kurudisha bastola, kidole kiwe kimenyooka juu ya fremu (mwili wa bastola, juu ya kifyatulio), mkono wa pili uvute koti pembeni kabisa, angalia ala kwa macho, rudisha polepole. Ukihisi kitu kinagoma, simama, itoe, angalia. Hakuna sababu yoyote ya kuharakisha kurudisha.

Tukuyu_Mvua
Nyongeza fupi. Ala ya ngozi ni nzuri kuvaa, mbaya kuhifadhia. Ngozi inanyonya unyevu na ina chumvi za kutengenezea. Bastola ikilala humo wiki ya mvua Rungwe, utakuta kutu kwenye mtutu. Pia ukitoka kwenye baridi ya asubuhi ukaingia chumba chenye jiko la mkaa, chuma kinatoa jasho. Ifute kwa kitambaa kikavu, kisha mafuta kidogo sana. Mafuta mengi yanashika vumbi, na vumbi la barabarani linageuka uji ndani ya mashine.

Mpunga_Ubaruku
Asante Chimala. Kwenye gari je? Mnunuzi anakaa kwenye kiti saa nyingi kuliko anavyosimama.

Chimala_Darajani
Magari yetu usukani uko kulia. Dereva anayevaa bastola nyonga ya kulia, mkanda wa gari unatokea upande wa mlango na kupita juu ya ala. Uupitishe chini ya koti, ulale bapa tumboni, usikamate kitako. Abiria wa mbele ana shida kubwa zaidi: kufuli ya mkanda iko kwenye nyonga yake ya kulia, na ala yenye kitufe cha kufungulia inaweza kubonyezwa na ile kufuli. Ukiteremka, bastola inabaki kwenye kiti. Kwenye hiace ya watu waliobanana usiivae kabisa.

Choo cha kuchuchumaa nacho kisidharauliwe. Bastola isitolewe kwenye ala na kuwekwa dirishani, husahaulika hapo. Fungua suruali, kisha funga tena mkanda kwenye magoti uwe umekaza, ala ibaki wima.

Isimani_Kavu
Mimi nipo upande wa mlinzi na simu. Malipo ya wakulima mengi yanaweza kwenda kwa simu au benki. Fedha taslimu zibaki za wapakiaji na ushuru. Kwa siku za mzigo mkubwa, kodi mlinzi wa kampuni iliyosajiliwa. Lakini mkague kama unavyokagua gari: bunduki iwe na mkanda wa begani, chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) iwe tupu na risasi zikae kwenye bomba lililo chini ya mtutu, mdomo wa mtutu usipite usawa wa watu. Mlinzi anayeegemeza bunduki ukutani akaenda kunywa chai ni hasara mara mbili. Na yule anayekaa kwenye kiti akiweka kidevu juu ya mtutu, mrudishe kampuni siku hiyohiyo.

Sao_Hill
Isimani, mlinzi naye anatangaza fedha, na zaidi ya bastola.

Isimani_Kavu
Kweli, ndiyo maana awe wa siku chache na njia zibadilike. Ila jamii inamwelewa, na wakulima wanapima mpunga wao bila kumwangalia mnunuzi kiunoni. Hilo kwangu lina thamani kubwa.

Pawaga_Mtoni
Msisahau bunduki ndefu za shambani, nguruwe pori na nyani wanapoingia mahindi. Kupita nayo kijijini, itolewe risasi, bolti (chuma kinachofunga chemba) itoke na ibebwe mfuko mwingine, bunduki iingie kwenye begi lake. Kwenye bodaboda ikiwa begani, mtutu unamwelekea kila unayempita, na kitako kinagonga kila bonde hadi shabaha inahama.

Mpunga_Ubaruku
Swali la mwisho: kizuizi cha polisi barabarani, mtu ameivaa ndani ya koti. Hatua?

Kalenga_Juu
Simamisha, zima injini, usiku washa taa ya ndani. Mikono juu ya usukani ionekane. Askari akikaribia, kabla hajakuomba chochote: "Shikamoo afande, nina silaha yenye kibali, iko kiunoni kulia." Usianze na neno bastola peke yake, na usiiguse wala kuionyesha. Msubiri aseme anataka nini. Kibali na kitambulisho vikae mfuko wa upande wa pili wa silaha, ili mkono usielekee kwenye ala unapovitafuta. Namba kwenye kibali ilingane na namba iliyochongwa kwenye fremu. Ihakiki leo, usingoje kizuizini. Akitaka kuichukua, aichukue yeye mwenyewe kwa namna anayotaka yeye.