Tupeane uzoefu: mliowahi kuingia makumbusho ya kiinimacho, macho yaliwafanyia nini?

Salaam wakuu. Mwenzenu nimerudi wiki iliyopita kutoka Dubai. Shemeji alinipeleka Al Seef, pale kando ya khori, kwenye yale makumbusho ya kiinimacho yaliyoanzia Zagreb, Kroatia, mwaka 2015 na sasa yapo miji kibao. Nikajua ni mambo ya watoto.

Basi nikafika kwenye lile pipa linalozunguka. Ndani mna daraja, limetulia tuli. Kinachozunguka ni ukuta wenye vitaa. Nilielezwa hivyo kabla sijaingia. Hatua ya tatu nimeshalikumbatia bomba la pembeni kama niko kwenye boti ya Pemba, mkondo wa Nungwi, siku ya kusi. Mtoto wa shemeji, miaka sita, ananipita anakimbia! Nikafumba macho, daraja likatulia papo hapo. Nikamaliza safari nimefumba. Haya, leteni yenu.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hilo pipa lilinitapisha. Tuliache.

Mchangiaji wa 2: Sisi ilikuwa Edinburgh, Camera Obscura, jirani na kasri. Mna chumba cha Ames. Mume wangu ni pande la mtu, lakini kona ile akawa kama mtoto wa chekechea, mimi kona ya pili kichwa kinakaribia dari. Siri yake, kona moja imesogezwa nyuma sana, sakafu na dari vimekwenda mshazari, halafu unaangalia ukiwa sehemu moja tu, ndipo chumba kionekane mraba. Nikatuma picha kwenye grupu la familia. Mama mkwe akapiga: "Mwanangu mbona kapungua hivyo, humpikii?"

Mchangiaji wa 3: Mimi nililipa kwingine (sitaji) nikakuta michoro ya ukutani tu, papa kabanduka rangi ya pua. Nikanuna. Binti wa pale akaniambia, "Kaka, simama kwenye alama ya sakafuni, tazama kwa simu." Lo! Papa katoka ukutani. Kumbe macho mawili yanashtukia kwamba ukuta ni bapa, kamera ina jicho moja tu. Tangu hapo naziba jicho moja, simu mfukoni.

Mchangiaji wa 4: Mlioko London msitoe hela. Nendeni National Gallery, kuingia bure, mtafute mchoro wa Holbein wa mabwana wawili, wa mwaka 1533. Chini yao kuna kitu kirefu kama mkate uliokanyagwa. Sogea upande wa kulia, karibu na ukuta, utazame kwa pembeni: fuvu la mtu! Nililirudia mara tano, mlinzi akaanza kunifuata.

Mwanzisha uzi: Dada wa Edinburgh, mama mkwe ulimwelewesha lakini?

Mchangiaji wa 2: Nilimweleza, akaitikia ndiyo ndiyo. Juzi kampa mtu kilo nne za unga wa lishe atuletee.