Reli ya Mtwara hadi Nachingwea: kwa nini iling'olewa?

Kijana wa Nachingwea:
Shikamooni wakubwa zangu. Wazee wa hapa hutaja stesheni ya treni iliyokuwapo zamani, lakini sisi tunaoona korosho zetu zikipakiwa kwenye malori hatujapata kuona hata kipande cha reli. Naomba mwenye ufahamu anieleze ilijengwa kwa sababu gani, na kwa nini iliondolewa ilhali Reli ya Kati na ile ya Tanga zilibaki.

Mzee wa Mikindani:
Marahaba, mwanangu. Reli ile ilizaliwa na mpango wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 ili ipate mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Nachingwea ilipochaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo, ilihitajika njia ya kupeleka matrekta bara na kuteremsha mavuno pwani. Njia ya kwanza ilianzia Mkwaya, upande wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Baadaye ikaunganishwa na Mtwara, ambako maji ya ghuba yana kina cha kutosha meli kubwa kufunga gatini. Kinachouma ni kwamba mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, na bandari ilipofunguliwa mwaka 1954, karanga zilizosubiriwa hazikuwapo.

Mwana Masasi:
Niongeze hapo alipoishia mzee. Reli ikabaki ikitegemea korosho na mazao mengine ya msimu, yanayojaza mabehewa kwa miezi michache tu, wakati mafundi, mataruma na vichwa vya treni hugharimiwa mwaka mzima. Isitoshe, haikuungana na reli nyingine yoyote nchini, kwa hiyo haikupata mzigo wa kupita kutoka mikoa mingine. Mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Kwa sababu hiyo, reli mpya inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, naiunga mkono kwa moyo wote, mradi makaa ya mawe na chuma vianze kuchimbwa. Korosho peke yake haziwezi kuibeba.

Kijana wa Nachingwea:
Nashukuru sana. Je, nikitaka kutafuta ilipopita, niangalie nini?

Mzee wa Mikindani:
Tafuta tuta, mwanangu. Treni haiwezi mlima mkali wala kona ya ghafla, kwa hiyo ukiona tuta la udongo linalopanda taratibu na kupinda kwa upana, hasa karibu na bonde, ulizia wenyeji wa hapo kabla hujaamua kuwa ni barabara ya zamani.