Naomba ushauri: kufunga geji ya joto la maji kwenye Canter ya zamani

Mleta uzi
Wakuu, habari za kazi. Nina Canter yenye injini ya 4D33. Napeleka dagaa toka mwaloni Kirumba, Mwanza, mpaka Katoro, kurudi napakia mahindi. Mwezi uliopita nimevuka daraja la Kigongo–Busisi vizuri tu, mshale wa joto kwenye dashibodi umekaa palepale unapokaa siku zote, chini kidogo ya katikati. Mbele ya Sengerema gari ikaanza kukosa nguvu, harufu ya moto ikaingia ndani. Nashuka nakuta hozpaipu ya chini imepasuka na rejeta kavu kabisa. Mshale bado uko chini, haujashtuka hata kidogo.

Hedi (kile chuma cha juu ya injini) ilipinda, gasketi ikakata. Mpaka kuwasha tena nimetoboka milioni moja na laki mbili, na dagaa wa watu niliwahamishia gari nyingine usiku. Enzi za feri tulikuwa tunakagua maji pale kwenye foleni. Toka daraja lifunguliwe Juni 2025 tunaunganisha moja kwa moja, hakuna anayesimama.

Sasa nataka geji ya pembeni yenye namba, siyo mshale wa C (baridi) na H (moto). Nimeshanunua moja ya umeme, nyuma imeandikwa 12V. Fundi wangu anataka ang'oe sensa ya zamani aweke hii. Je, yuko sahihi? Au nitafute ile ya mrija isiyotumia umeme?

Fundi umeme, Nyakato
Pole sana mkuu. Kwanza simamisha hiyo kazi. Canter nyingi za aina yako ni 24V, betri mbili zimeunganishwa mfululizo. Geji ya 12V ukiilisha 24 itaungua. Na asije mtu akakwambia uchote 12 kwenye betri moja. Betri unayoichota itabaki na chaji pungufu, mwenzake itazidishiwa, na baada ya muda unanunua zote mbili. Rudisha dukani upewe ya 24V, au weka kipunguza umeme cha kutoka 24 kwenda 12.

Pili, geji na sensa ni pacha. Sensa inabadilisha ukinzani kadiri joto linavyopanda, na geji inausoma ukinzani huo. Ukiunga geji mpya kwenye sensa ya zamani utapata namba za uongo. Kwa hiyo sensa ya Canter iache palepale iendelee kuhudumia dashibodi. Mpya itafutiwe tundu lake, upande wa injini kabla ya themostati (ile vali inayofunguka maji yakipata joto, yaende kwenye rejeta), maji yanapotoka kwenye hedi. Kwenye injini nyingi utakuta plagi ya chuma iliyoziba tundu la akiba maeneo hayo. Pima nyuzi za skrubu za tundu kabla ya kununua adapta, usilazimishe.

Umeme chukua unaokuja ukiwasha swichi ya funguo, pitisha kwenye fyuzi ndogo. Sensa ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi zake za skrubu, kwa hiyo usiizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko mingi. Ukiziba mgusano wa chuma kwa chuma, geji inasoma baridi muda wote.

Dereva, Musoma
Mimi natumia ya mrija, mwaka wa sita huu. Haitaki umeme, hata betri ikifa inasoma. Lakini kaka, Canter inabinuliwa kichwa (kebini). Mara ya kwanza fundi aliuvuta mrija ukanyooka vizuri kabisa, kila mtu akasifia. Siku ya kubadilisha mkanda wa feni tukabinua kichwa, mrija ukakatika kama uzi. Ukikatika hauungwi, unanunua geji nzima. Wa sasa nimeuachia mzunguko mmoja mpana kwenye bawaba za kichwa, na nimeuvalisha mpira usisuguane na chuma. Uwe mbali na ekzosi.

Mleta uzi
Asanteni sana. Fundi anasema kama tundu halipo ataweka adapta kwenye hozpaipu ya juu, hakuna kutoboa chochote. Hiyo ikoje?

Fundi umeme, Nyakato
Inakubalika, ila ujue mambo mawili. Adapta imekaa katikati ya mipira miwili, haigusi injini, lazima uipe waya wake wa ethi. Halafu pale ni baada ya themostati. Themostati ikigoma kufunguka, injini inaungua huku geji yako inasoma maji ya uvuguvugu. Tafuta kwanza tundu la kwenye hedi.

Mwenye Fuso, Magu
Samahani wakuu, naona tunaruka jambo lililomuumiza mwenzetu. Mshale wake inawezekana haukuwa mbovu. Sensa inapima maji yanayoigusa. Hozi ikipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na hewa haipitishi joto kama maji. Ndiyo maana mshale unatulia au hata kushuka wakati hedi inapinda. Geji mpya ya bei yoyote ingefanya vilevile siku ile.

Mimi nimefunga vitu viwili. Geji ya kawaida, na sensa ya pete iliyobanwa na bolti moja kwa moja kwenye chuma cha hedi, ina king'ora chake. Hiyo inasoma chuma, maji yawepo yasiwepo. Wengine wanaweka kengele ya kiwango cha maji juu ya rejeta, nayo inalia kabla joto halijapanda. Mkuu, ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nakusihi anza na king'ora.

Na kabla ya kufunga, jaribu sensa kwenye sufuria ya maji ya moto. Ila huku kwetu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Ikisoma 96 iko sawa. Ndani ya rejeta yenye kifuniko kizima yanavuka 110 bila kuchemka. Kifuniko kikichoka, unarudi kwenye 96 ya sufuria.

Mleta uzi
Mrejesho, wakuu. Nimebadilishiwa geji ya 24V, tundu limepatikana karibu na nyumba ya themostati, na king'ora cha hedi kimefungwa. Themostati yangu imeandikwa 76.5, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi hizo. Gari ikiwa tupu inasoma 80. Juzi nimepakia, mwinuko wa baada ya Sengerema ikafika 97, dashibodi palepale chini ya katikati. Nikasimama.

Maji yapo, mkanda umekaza. Kumulika na tochi mbele ya rejeta, mapezi yameziba kabisa kwa wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi, wamegandamana na vumbi mpaka wamekuwa kama udongo. Nimeosha kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, taratibu, mapezi yasilale. Leo mzigo uleule, mwinuko uleule, 88.

Kifuniko cha rejeta nanunua kesho. Mpira wake una ufa.