Projekti ya sayansi ya mtoto wa praimari: tupeane uzoefu, mlichagua nini na ilienda vipi?

MamaGredi5, Nakuru:
Wazazi wenzangu habari za jioni. Leo kijana wangu wa gredi ya tano amefungua dayari nikasoma "maonyesho ya sayansi, wiki tatu, kila mtoto na projekti yake" na roho ikashtuka, juu mwaka juzi haya maneno yalinipata na dadake na sijawahi kuyasahau. Wakati huo nilikuwa nauza viazi pale soko la Wakulima natoka saa kumi alfajiri narudi usiku, sasa nikaona nitafute fundi wa redio hapa tauni anitengenezee kitu, akanijengea ubao mzuri ajabu, mlima wa Menengai na mabomba ya mvuke na kipanka kinazunguka na taa ndogo ndogo zinawaka kama mji, nikalipa 1,800. Mtoto akabeba anafurahi. Siku yenyewe nimesimama kwa dirisha, jaji ni mama mmoja mpole kabisa, akainama akamuuliza, "Hii ni nzuri mami. Sasa wewe ulibadilisha nini, ukapima nini?" Mtoto akaniangalia. Mimi nikaangalia ubao. Akaanza kuzungusha kifungo cha sweta, anazungusha tu, mpaka uzi ukakatika kikaanguka, halafu akasema pole pole, "Ni mama alinunua." Jaji hakumkemea, aliandika kitu akaenda meza ingine. Huyo mtoto hakula jioni. Sasa huyu wa pili sitaki nimfanyie hivyo, nisaidieni, mlichagua vipi?

BungomaWetu:
Hiyo swali ya "ulipima nini" imemaliza wengi. Pole dada.

MwalimuWaSayansi, Vihiga:
Mama pole sana, na asante kwa kusema wazi, maana wengi hufichanga. Mimi nafundisha Sayansi na Teknolojia gredi ya nne hadi ya sita na nimekaa kwa hizo meza za majaji mara kadhaa. Ubao kama huo wako ni modeli, unaonyesha kitu ambacho tayari kinajulikana. Projekti ni swali. Mtoto abadilishe kitu kimoja tu, vingine vyote vibaki sawa, apime kwa namba, arudie. Ile volkano ya siki na baking poda kila mwaka naona kumi, inatoa povu watoto wanapiga makofi imeisha, hakuna aliyepima chochote. Lakini mtoto huyo huyo akiongeza kijiko kimoja, viwili, vitatu kwa siki ileile, halafu anavalisha chupa baluni na kupima baluni imefura kiasi gani kwa kamba na rula, hapo nakaa chini namsikiliza.

BabaBoys_Kondele:
Mwalimu unaongea vizuri lakini kwa ground tunajua nani hushinda. Ni ile ina taa na rangi na mzazi ana gari. Mwaka jana kijana wangu alienda na maharagwe kwa mikebe, jaji hakusimama hata dakika moja. Shule yenyewe siitaji.

MwalimuWaSayansi, Vihiga:
Baba Boys siwezi kataa imekutokea, na ilikuwa makosa. Ila maharagwe kwa pamba pia yamechosha, mtoto anaotesha moja anaandika "imeota" basi.

Mukhana_Kakamega:
Mwalimu hapo kwa maharagwe nakukatalia kabisa. Msichana wangu alitumia rosikoko 60. Ishirini alipanda kavu, ishirini aliloweka usiku mmoja, ishirini akaloweka siku mbili nzima. Kila asubuhi kabla ya chai anahesabu. Siku ya tatu zile za usiku mmoja zilikuwa zimeota 13, kavu 4, na zile za siku mbili zilikuwa zinanuka, nyingi zimeoza. Akaja kuniuliza mbona, tukaenda kwa mwalimu wake akamweleza mbegu inapumua, ikikaa sana ndani ya maji inakosa hewa. Gharama yote ni maharagwe ya jikoni na mikebe ya margarini. Shida sio maharagwe mwalimu, shida ni kupanda moja.

MwalimuWaSayansi, Vihiga:
Sitini na vikundi vitatu, hiyo nakubali mama. Nimerudisha maneno yangu.

NyarKisumo:
Mmenikumbusha kitu mpaka nimeweka kazi chini. Yangu ilikuwa biogesi. Kijana wangu alikuwa na miaka kumi, tuko Ahero, aliona kwa jirani wanapika na gesi ya mavi ya ng'ombe akasema hiyo ndio projekti, na kweli ilikuwa wazo lake, sikumnunulia kitu. Tukachanganya samadi na maji nusu kwa nusu kwa mtungi wa lita tano, tukatoboa kifuniko tukapitisha kampira kadogo ka plastiki kwenda kwa tyubu ya baiskeli, tukaziba na gluu. Wiki ya pili tyubu ikaanza kufura! Kijana alikuwa anaamka usiku anaishika na mkono. Alikuwa na daftari ameandika kila siku imefura aje.

Sasa siku ya kupeleka Kisumu tukapanda matatu asubuhi. Mtungi nimeweka chini ya kiti, tyubu amebeba yeye kwa mapaja. Gari imejaa, makanga anasukuma watu, na mimi sikuona ile mpira imekunjika chini ya begi ya mtu. Jua limeingia, gari ina joto, gesi haina pa kwenda. Tumekaribia Nyamasaria nikasikia mlio kama tairi imepasuka, dereva akashika breki, na kifuniko kilikuwa kimeruka mpaka kwa paa. Yale matope yote yakamwagika na kuruka. Mbele yangu alikuwa mama amevaa nguo nyeupe ya kanisa anaenda mazishi. Mgongo wote. Watu wanapiga kelele, wengine wanatoka kwa dirisha, mtu mmoja anasema ni bomu, na mtoto wangu amesimama katikati na yunifomu imeharibika ameshika ile tyubu imekuwa tupu, halii, anatetemeka tu mdomo. Tukashushwa hapo hapo. Yule mama wa mazishi, Mungu ambariki popote alipo, yeye ndio alimpangusa uso na leso yake kabla ajipanguse mwenyewe.

Hatukufika. Na mpaka leo yuko gredi ya saba, ukitaja maonyesho ya sayansi anatoka kwa nyumba.

BungomaWetu:
Woi. Mtoto maskini.

BabaBoys_Kondele:
Pole Nyar Kisumo, pole sana. Lakini ungechukua boda ungefika.

Mukhana_Kakamega:
Boda! Na hiyo gesi inawaka moto, iko karibu na injini na egzosi? Baba Boys hapana.

BabaBoys_Kondele:
Boda iko na hewa, harufu na gesi inaenda na upepo, nasema tu vile ningefanya. Kwa matatu mtu angewasha sigara ingekuwa aje?

MwalimuWaSayansi, Vihiga:
Wote wawili ngojeni. Biogesi sehemu kubwa ni mitheni, inashika moto, kwa hivyo isibebwe imefungwa kwa gari lolote, iwe boda iwe matatu. Ibaki nyumbani nje, mbali na jiko, mtu mzima awe karibu. Mtoto aende na daftari na picha za kila siku, jaji anayejua kazi yake atasoma daftari. Na mama, nataka nikuambie, mpira kukunjika na kifuniko kuruka, hiyo yenyewe ni sayansi ya presha, kijana wako akisimama mbele yangu anieleze tu hiyo mimi nampa alama. Bado ana daftari?

NyarKisumo:
Iko. Nimeiweka na vyeti vyake vya kuzaliwa na kliniki.

Mukhana_Kakamega:
Usiitupe.

FundiStima_Nakuru:
Kwa ule upande wa taa, si lazima kununua. Ndimu moja, msumari wa mabati na kipande cha waya wa shaba unapata kama volti 0.9. Taa ndogo nyekundu ya LED inataka karibu 2, kwa hivyo ndimu tatu au nne kwa msururu inawaka hafifu, ifunikwe na mkono uone. Mtoto abadilishe: ndimu, nyanya, kiazi kibichi, kiazi kilichochemshwa. Kiazi cha kuchemsha kinashinda kibichi na watoto hawaamini. Ila wasile hizo viazi wala ndimu baadaye, madini ya msumari yanaingia ndani.

Mukhana_Kakamega:
Ingine ya bei ya chini ni munyu mushereka, chumvi ya kienyeji, wa kukhu, yaani bibi. Ule tunachuja kwa majivu ya maganda ya maharagwe, mkebe umetobolewa chini, tunapikia mrenda. Chemsha kabichi ya zambarau, maji yake gawanya kwa glasi. Ukitia ndimu inakuwa waridi, ukitia munyu inakuwa kijani. Mtoto wa dada yangu alijaribu magadi ya dukani, munyu, sabuni, maziwa lala, akapanga glasi kwa rangi. Kukhu alikaa hapo anauliza maswali kuliko mtoto.

MamaGredi5, Nakuru:
Nimesoma zote, wengine nimewasomea hapa kwa sauti. Kijana alisema kwanza anataka kujua kwa nini watoto wengine darasani wana meno ya kahawia, nikaona ni swali kubwa.

MwalimuWaSayansi, Vihiga:
Ni swali zuri sana na kwenu lina sababu, maji mengi ya visima upande huo wa Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, kiwango cha shirika la afya duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na visima kadhaa vinapita hapo. Shida ni kwamba huwezi kuipima jikoni, na pia wale watoto wenzake wanaweza kuona aibu. Ahifadhi hilo swali. Muulize kitu anachokiona nyumbani kila siku.

MamaGredi5, Nakuru:
Nilimuuliza. Akasema, "Mbona shosho hufunga sufuria ya githeri na blanketi?" Nikamwambia basi haya.

FundiStima_Nakuru:
Safi sana hiyo. Lakini usitumie kipima joto cha homa, kinaishia 42, ile ya glasi itapasuka.

MamaGredi5, Nakuru:
Ameazima ya shule. Mikebe mitatu ya kutoshana, maji kutoka birika moja, yote yana kifuniko. Mmoja uko hivyo tu, mmoja ndani ya nyasi kavu kwa katoni, mmoja kwa blanketi. Saa moja yote ilikuwa 90. Saa mbili usiku huu: ule wa wazi 54, nyasi 71, blanketi 73. Anabishana na dadake kwamba nyasi zikikandamizwa zaidi zitashinda blanketi, na dadake ndiye ameshika kalamu anaandika. Wamenikataza kugusa meza. Nimeambiwa niweke alamu ya saa tatu.